Vilimi vya Basuni la Baba

Litembo,
12 Februari 1995

Kaka Flaviani,

Shikamoo. Huku nyumbani tumeamka salama sote, mimi, mama na kuku wake saba. Wa nane alichukuliwa na kicheche juzi, na mama bado anamlilia kama marehemu. Mvua zimekolea. Ukimwambia mama apumzike anachukua jembe, anakwenda kuchimba mashimo ya ngolo kwenye ule mteremko wa juu, halafu anarudi kunisema mimi ndiye mvivu.

Nimempa Bernadi, dereva wa lori la parokia, kikopo chenye vilimi vitatu vya tete, vya kupulizia basuni lako. Atamkabidhi kondakta wa basi hapo Songea. Chenye uzi mwekundu nimekikwangua kwa kufuata barua yako ya Desemba, uliposema kwamba huko pwani vilimi vya nyumbani vinalegea na sauti inashuka. Nimefikiri sana juu ya hilo. Baba alikuwa anavichonga vyembamba kwa ajili ya huku kwetu mlimani, vikibaki vinene huku havilii. Wewe sasa uko chini kabisa, kwenye joto, basi nimekuachia nyama zaidi mgongoni mwa kilimi. Cha uzi mweusi nimebana waya wa pili kwa koleo, kidogo tu. Cha tatu sikiamini. Kinawika kama jogoo mgonjwa. Vipulize vyote uniambie.

Usisahau, kaka, mimi huku sina basuni. Nakitia kilimi mdomoni kikiwa peke yake, kinawika, nakisia. Kikiwa ndani ya basuni kinaliaje, mimi sijui mpaka wewe uniandikie. Kwa hiyo usiniandikie mafumbo.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Mama anakuomba uje Novemba, Siku ya Marehemu, upige basuni kaburini kwa baba. Mwaka ule wa tisini na tatu baba alipofariki ulifika siku ya nne, tumeshazika, na basuni uliliacha Dar kwa haraka. Hakukulaumu na hakulaumu leo. Ila anasema baba alipuliza kwenye mazishi ya watu wote wa Litembo, halafu yeye mwenyewe akaenda kimya. Jambo hilo linamkaa rohoni. Mwezi huu amelisema mara tatu, na mama hana kawaida ya kurudia neno.

Nijibu hilo kwanza, vilimi baadaye.

Mdogo wako,
Verediana


Dar es Salaam,
19 Machi 1995

Kwa Fundi Mkuu Verediana,

Marahaba, mdogo wangu. Mimi ni mzima, nakula, nalala, joto tu ndilo linataka kunimaliza. Mpe mama pole ya kuku. Mwambie nikija nitamletea jogoo wa kizungu mwenye miguu ya manjano.

Nijibu kwanza ulichoamuru nijibu kwanza: nitakuja. Novemba tarehe moja nitakuwa hapo, basuni mgongoni. Mwambie mama nimesema hivyo kwa mdomo wangu.

Haya, vilimi. Chekundu, bwana we! Nilikiloweka dakika tano, nikakivika, nikavuta pumzi, na noti za chini zikamwagika zenyewe. Mpiga tarumbeta aliyekaa mbele yangu aligeuka kunitazama. Juu panabana, kuanzia ile noti ambayo baba alikuwa anainua nyusi kuifikia. Ukiweza, kwangua tena pembeni, karibu na ncha, lakini usiguse katikati. Cheusi kinakoroma chini. Ulibana mno, nikakilegeza kwa meno. Usinune. Cha tatu kweli ni jogoo mgonjwa, nimekipiga kwenye gwaride ambako hakuna anayesikiliza.

Hapa kazini kuna minong'ono. Wanasema shirika linalomiliki bendi yetu litauzwa kwa watu binafsi, na kila wiki wanaume wenye makoti wanapita na daftari wanahesabu viti. Walipofika chumba cha bendi walihesabu hadi vijiti vya ngoma. Tulicheka sana.

Leta vingine. Basuni la Bruda wa misheni linakusalimu.

Kaka yako,
Flaviani


Litembo,
30 Aprili 1995

Kaka Flaviani,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumatano Kuu. Nilimsomea mama pale ulipoandika kwamba utakuja, akaniambia soma tena, nikasoma, akaenda kumwambia Mama Ida wa jirani kana kwamba umeshafika.

Sasa wewe mtu. Kwa meno! Bruda Mansuetus alisafiri na basuni lile kutoka kwao hadi huku, akamfundisha baba kuchonga vilimi miaka kumi na mmoja, akamwachia basuni lenyewe alipozeeka, baba akakupa wewe, yote hayo ili mwanawe aje kutafuna vilimi kama muwa. Baba alipotuweka chini kutufundisha kisu ulikimbilia mpira. Ungekaa, leo ungejichongea.

Nimecheka barua nzima, lakini. Uliposema "juu panabana, usiguse katikati," nilisikia. Naapa nilisikia. Nimekaa na kisu siku mbili, nikakwangua pembeni, nikasugua kwa jani la msasa, nikakiinua dirishani mwanga upite nione shavu lipi limebaki nene. Nakutumia viwili. Andika kama hivyo, kila kitu, usinifiche hata mkoromo mmoja.

Na shirika likiuzwa, bendi inakwenda wapi? Hukusema.

Verediana


Dar es Salaam,
3 Agosti 1995

Mpendwa dada Verediana,

Salamu kwako na kwa mama. Natumaini mavuno ya kahawa yameanza vizuri. Mimi sijambo kabisa. Nisamehe kuchelewa, shughuli zilinizidi.

Kuanzia sasa usiandike kwa anwani ya shirika. Nimehamia Manzese kwa rafiki yangu Rogasian, andika kwa sanduku lake ambalo nimeliweka nyuma ya bahasha. Ni rahisi zaidi kwangu.

Vilimi nimevipata. Ni vizuri sana. Vyote viwili vinalia vizuri sana, chini na juu. Pengine juu panabana kidogo. Endelea hivyohivyo na unitumie vingine, nafurahi mno ninapopata kikopo chako. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu kabla ya kukifungua.

Habari za mama? Anaimba bado akifua? Lile tanuru la matofali la jirani yetu Alphonce lilikamilika? Niandikie mambo madogo madogo kama hayo, usidhani nayachoka.

Kaka yako,
Flaviani


Kihagara,
24 Agosti 1995

Kaka Flaviani,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka ziwani, kwa shangazi Benadetha. Nimeteremka kukata matete ya mwaka ujao. Shangazi anakusalimu, anauliza umeoa au bado unapuliza tu. Amenikaangia samaki, mbasa wawili wakubwa, kisha amekaa mbele yangu kuhakikisha namaliza.

Kahawa tumeuza. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao na redio kubwa kwenye gari, kijiji kizima kikakimbia kuwatazama. Mimi nilitaka tusubiri chama cha ushirika, mama akasema chama nacho kinasubiri nani. Tukauza.

Matete nimepata mazuri, yale ya upande unaopigwa na upepo, yaliyokaa miaka miwili hadi yakawa ya manjano. Nagonga kwa ukucha kama baba, yenye mlio mfu naacha. Na nimegundua jambo, kaka, sikiliza. Huku ufukweni ni chini kuliko Litembo, na joto linakaribia la kwenu. Kwa nini nivimalizie vilimi mlimani wakati vinakwenda kupigwa pwani? Nimebeba vilivyofungwa uzi tayari na kisu na koleo, navimalizia hapahapa, miguu kwenye mchanga. Hata baba hakuliwaza hilo. Nina kiburi leo, niache.

Lakini barua yako sikuielewa. "Vizuri sana" ndiyo nini? Kwenye gari unaweza kusema vizuri sana, kwenye soda pia. Kilimi kinalia hivi au hivi. Na kupanga kwa Rogasian kumetoka wapi, ulikuwa na chumba chako cha shirika? Umegombana na mtu? Niambie, mimi si mama, sitalia.

Kuna lori la dagaa linaondoka sasa hivi kwenda Songea, dereva anapiga honi. Naweka kimoja tu humu, kile nilichokimalizia asubuhi. Kipulize kwa makini, ndicho cha kwanza cha ziwani. Novemba imekaribia.

Verediana


Litembo,
5 Septemba 1995

Kaka,

Shikamoo, na unicheke kwanza halafu usome.

Nimerudi mlimani leo, nimefungua mizigo, na kile kilimi nilichokimalizia ufukweni kipo hapa mbele yangu. Basi nilichokutumia ni kipi? Nimehesabu vilivyofungwa uzi, kimoja hakipo. Yesu na Maria! Nilikuwa na vikopo viwili, ile honi ikanivuruga, nimekutumia kibichi. Ncha sijaikata! Tete bado limekunjwa kama lilivyokunjwa siku ya kufungwa, hakina midomo miwili, hakipitishi hata pumzi ya kuku. Nadhani ulipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, ukanitukana na ukoo wangu ambao ndio wako.

Usikikate wewe, utakiharibu, unajulikana. Kiweke. Cha kweli kinakuja na Bernadi wiki ijayo. Mama anacheka, anasema nimezeeka kabla yake.

Verediana


Dar es Salaam,
9 Septemba 1995

Mpendwa dada Verediana,

Salamu kwako, kwa mama na kwa shangazi pia. Kikopo cha Kihagara kimenifikia jana, kimekuja na harufu ya dagaa, nikakaa nacho nikaona ziwa lote.

Umeniambia nisiandike "vizuri sana", basi naandika. Kilimi hiki ndicho bora kuliko vyote ulivyowahi kunichongea. Nimekipiga asubuhi nzima. Chini pamejaa, katikati panasikika kama sauti ya baba akiita watu kula, na juu, hata ile noti ya nyusi, panafunguka penyewe. Panabana kidogo tu mwishoni. Kweli umegundua jambo kubwa kuvimalizia ziwani. Watu hapa wamesimama dirishani kusikiliza.

Kwa Rogasian nimehamia ili kupunguza mwendo wa kwenda kazini, hakuna ugomvi. Novemba bado ipo palepale.

Kaka yako,
Flaviani


Litembo,
29 Septemba 1995

Kaka Flaviani,

Shikamoo.

Nimepokea barua yako ya tarehe tisa. Nimemsomea mama. Amefurahi kusikia watu wanasimama dirishani. Nimeisoma tena peke yangu.

Huku hatujambo. Mama anaimba akifua, uliuliza. Tanuru la Alphonce liliporomoka, anajenga lingine. Mibuni imetoa maua mapema.

Unakula? Unalala kitandani au chini? Hayo mawili tu.

Verediana


Litembo,
5 Novemba 1995

Kaka,

Sikuandikii salamu ndefu. Tangu Septemba sijapata neno lako.

Tarehe moja mama alipika maharage na kumchinja kuku. Alitandika kitanda chako. Bernadi alipokwenda Mbinga, mama alimwambia akutafute kwenye kila basi, na Bernadi akakaa stendi mpaka gari la mwisho. Tarehe mbili tulikwenda makaburini na watu wote. Padre alibariki, wanakwaya wakaimba, wakahamia kaburi lingine. Mama akabaki amekaa. Nikamwambia twende, akasema ngoja kidogo, basi la jana huenda limeharibika njiani. Tulikaa hapo hadi jua likatuchoma, wenzetu wamekwisha kurudi majumbani. Aliponyanyuka alitangulia njiani. Kuku tulimgawa kwa majirani.

Nimekukasirikia mno. Ningekuwa na nauli na ujinga wa kutosha ningekuja kukuvuta sikio. Na chini ya hasira nakutaka nyumbani, Flaviani, nakutaka vibaya, kila honi ya Bernadi nashtuka. Siulizi kitu. Nasema uandike.

Verediana


Dar es Salaam,
14 Desemba 1995

Verediana mdogo wangu,

Najua unajua. Barua yako ya kilimi kibichi ilinifikia Septemba ishirini, siku kumi na moja baada ya mimi kutuma uongo wangu. Niliisoma nimesimama sokoni, nikakaa juu ya robota la mitumba, nikacheka na kulia mbele za watu. Tangu siku hiyo nimeanza barua tisa.

Sina basuni. Sina tangu Juni.

Nikuambie lilivyoondoka, kwa sababu najua unafikiri nililiuza kwa pombe, na afadhali ningeliuza kwa pombe. Mwaka wa tisini vifuniko vyake vilikuwa vinavuja hewa. Fundi wa kulitengeneza yupo Nairobi. Meneja wa bendi akaniambia, tuliandike kwenye orodha ya mali za shirika, litapelekwa na vyombo vyetu bure, halafu litarudi kuwa lako. Nikaona nimepata mjanja wa kunisaidia. Wakalipiga namba nyeupe ya rangi pale chini, baba alipozoea kuweka kidole gumba. Lilirudi limepona, nikasahau namba. Wakaja wale wenye makoti na daftari. Shirika lilipouzwa, kila chenye namba kilikwenda mnadani, viti, mafeni, ngoma, basuni. Nilisema ni la baba yangu. Wakafungua daftari wakanionyesha: hili hapa, na sahihi yako hii hapa.

Nauza mashati ya mitumba na Rogasian. Basuni lilinunuliwa na hoteli mpya ya hapa mjini, wamelitundika ukutani kwenye baa kuwa pambo, pamoja na ngao na pembe la nyati. Nilikuwa nakwenda kulitazama kupitia kioo mpaka mlinzi akanizoea, akaanza kuniambia niondoke kwa upole. Upole wake ndio ulinishinda, siendi tena.

Vilimi vyako vyote ninavyo. Tangu Juni sijatia hata kimoja mdomoni. Ningekipuliza tu kile cha Kihagara ningejua kimefungwa, mtoto wa siku mbili angejua. Sikuweza. Nilikuwa nafungua kikopo, nanusa, nafunga, naandika "juu panabana" kwa sababu ndivyo nilivyokuwa naandika zamani. Niliogopa ukijua sina cha kupuliza hutakuwa na sababu ya kuniandikia.

Sasa nitakujaje kaburini kwa baba? Nimpigie nini, filimbi ya refa? Usimwambie mama. Mwambie nipo safarini, mwambie lolote.

Flaviani


Litembo,
6 Januari 1996

Kaka Flaviani,

Shikamoo. Mwaka mpya tumeuona.

Nimemwambia mama. Uliniomba nisimwambie, nimekataa, mimi si posta yako ya uongo. Nilimsomea barua nzima kuanzia robota la mitumba mpaka filimbi ya refa, sikuruka mstari. Alikuwa anachambua maharage. Nikadhani atalia. Akauliza, "Sasa huyo anakula nini?" Nikasema haikuandikwa. Akasema, "Uliza." Kwa hiyo nauliza kwa mara ya pili. Unakula nini?

Hilo la mama. Langu ni lingine, na litakuuma. Agosti niliposoma tena "juu panabana" nilikwangua. Kila kilimi nilichofunga nikakikwangua zaidi. Niliona kabisa kwamba vimekuwa vyembamba, masikio yangu yalikataa, lakini nikasema kaka ndiye mwenye basuni, yeye ndiye anayesikia. Nimeharibu vilimi kumi na vinne, matete ya mwaka mzima, kwa kufuata mtu ambaye hakuwa anapuliza chochote. Basuni lilichukuliwa na wenye makoti, hilo nakusamehe hata bila kuombwa, ni ujinga ambao hata baba angeufanya, aliamini kila mtu mwenye kalamu. Hili la vilimi sijakusamehe bado. Nitakusamehe nikikuona.

Na eti sitakuwa na sababu ya kukuandikia! Mpumbavu we. Mimi nilijifunza kisu kile baba alipokuwa hai, nikakaa nacho alipokufa, unadhani napenda matete? Yananikata vidole. Nilichonga kwa sababu ukipata kikopo unaandika, na ukiandika nakuwa na kaka kwa siku tatu. Ndivyo tulivyokuwa, wote wawili, tukidanganyana kwa vilimi.

Uje. Usisubiri Novemba, usisubiri basuni, usiseme nitakuja na nini mkononi. Siku utakayofika tutakwenda kaburini, utakaa chini, utamwambia baba kwa mdomo wako jinsi lilivyopotea. Mama amesema hiyo inamtosha. Amesema alitaka baba asikie sauti ya mwanawe, na sauti unayo.

Verediana


Mbinga,
10 Machi 1996

Mdogo wangu Verediana,

Marahaba. Tazama hapo juu nilipoandika mahali. Nipo Mbinga.

Nimefika Alhamisi. Nimepanga nyumba ya wageni hapa nyuma ya stendi, ile ya Mama Restituta yenye mlango wa bluu. Kila asubuhi nakunywa chai, nafunga begi, natoka hadi yanaposimama magari ya Litembo, nasikia watu wanaongea Kimatengo, narudi chumbani. Leo ni siku ya nne. Niliondoka Dar na ujasiri mwingi, sijui umeniponyoka wapi, labda Makambako.

Nakula, mwambie mama. Ugali na maharage, na samaki siku za biashara nzuri.

Kilichonizuia ni hiki, nakiandika kwa sababu kukisema siwezi. Nikipanda hapo juu kila mtu atatazama mgongo wangu. Miaka tisa kila nilipokuja, isipokuwa msiba wa baba, nilikuwa na sanduku la basuni mgongoni, watoto walinifuata kwa sababu yake. Tarehe mbili Novemba watu wote walijua nakuja kupiga. Sijui kupita njia ile bila kitu mgongoni. Sijui nitaiweka wapi mikono yangu mbele ya mama.

Nimemwona Bernadi akipakia saruji, nikajificha, kisha nikaona aibu ya kujificha, nikamfuata kumpa barua hii. Ameipokea akaiweka mfukoni. Nitakaa hapa mpaka Jumatano. Nikishindwa, nitarudi Dar, na usinichukie. Nimekukumbuka mpaka naumwa, Vere. Nipo karibu hivi na bado nimekukumbuka.

Flaviani


(Nyuma ya karatasi hiyohiyo)

Jumatatu, Mbinga

Kaka,

Shikamoo. Nimeandika nyuma ya barua yako, karatasi nyingine sina. Nampa msichana wa Mama Restituta akuletee chumbani.

Bernadi alifika jana tukiwa tunatoka kanisani. Nilimsomea mama hapohapo uwanjani. Hakungoja nimalize. Alikwenda nyumbani akavaa viatu, akarudi akakaa mbele kwenye lori, Bernadi akamwambia mama, safari ni kesho. Akateremka, akalala na viatu, alfajiri akawa wa kwanza kupanda. Tangu baba afe hajawahi kutoka Litembo.

Tuko hapa nje, kwenye mlango wa bluu. Nimemwambia aingie, amekataa. Anasema kama wewe umeshindwa kupanda, yeye ameweza kushuka, kilichobaki ni hatua chache na hizo ni zako. Anasema uache begi, atalibeba Bernadi. Mikono yako ataishika yeye.

Toka, Flaviani. Injini bado inawaka.

Vere